Nyota Yenye Mkia na Mikorosho ya Baba Mapacha

Kazi yangu ni kupulizia mikorosho ya watu. Nalisema hilo mapema usije ukadhani hapa kuna msomi. Shule niliishia kidato cha pili, na kwenye ripoti yangu ya mwisho mwalimu wa fizikia aliandika neno moja tu: "Yupo." Ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupewa na sayansi.

Salfa ni unga wa njano. Unaubeba mgongoni ndani ya mashine yenye injini, na ukiwasha, bomba linakohoa unga juu ya mkorosho mpaka mti unapotea. Unga huo unazuia ubwiri, ugonjwa unaokaa kwenye maua kama majivu na kuyakausha. Lakini salfa ina masharti. Lazima majani yawe na umande, ndipo unga unanata. Na lazima upepo uwe haujaamka. Kwa hiyo sisi tunaanza kazi alfajiri, giza bado zito, na jua likishachomoza tunazima. Ukipulizia majani makavu, unga unaondoka na upepo kwenda kumnufaisha mtu usiyemjua, na mwenye shamba anabaki na harufu.

Msimu ule mzunguko wa mwisho wa kupulizia ulinikuta hapa Lupaso, kwenye shamba la Baba Mapacha. Shamba limekaa hivi: nyumba yake iko magharibi. Halafu inafuata mikorosho, mistari ishirini imenyooka. Halafu mashariki kabisa, mwisho wa mistari, kuna nyumba ndogo ya bati ya bibi mmoja mjane, mzaliwa wa Chilangala huko juu Newala, aliyeolewa huku kabla mimi sijazaliwa. Bibi huyo ni mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wangu zimetaniana tangu enzi za mababu, na sisi tumeendeleza kwa bidii. Yeye akiniona ananiita mchafu. Mimi nikipita kwake nachukua kitumbua bila kuuliza. Kwenye msiba wa mume wake nililala mbele ya jeneza nikadai halitoki mpaka nipewe koti la marehemu. Nikapewa. Nikawa nalivaa kila mahali.

Siku ya kwanza nilipulizia mistari saba kutoka upande wa Baba Mapacha. Kulikuwa na wingu mashariki, umande mzuri, kazi ikaenda kama inavyotakiwa.

Siku ya pili wingu halikuwepo. Nimewasha mashine, nimeingia mstari wa nane, nikainua macho, na pale juu ya paa la bibi kulikuwa na nyota yenye mkia. Kichwa kimeinama chini, mkia umesimama juu, mrefu, mweupe, kama mtu amepitisha brashi ya chokaa angani mara moja akaondoka. Nilifikiri ni macho, maana salfa inachoma macho mpaka unaona vitu. Nikazima mashine, nikanawa uso kwa maji ya kunywa. Ikawa bado ipo.

Nikakaa kwenye kisiki, mashine imezimwa, nikaiangalia. Nilikuwa najiuliza, kwa kuwa nimeigundua mimi, itaitwa jina langu lote au la kwanza tu. Nilipozinduka jua lilishachungulia, upepo umeamka, na majani nikiyagusa hayana hata tone. Nikawasha hivyo hivyo. Unga ukaenda zake. Siku ya tatu nilifika nikiwa nimeapa sitaiangalia, nikaiangalia mpaka jua. Mistari kumi na mitatu ikapata salfa ya upepo. Nikajiambia maua yameshakuwa mengi, ubwiri wenyewe mwaka huu ni mdogo.

Asubuhi hiyo ya tatu nikampigia simu mwalimu wangu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Yule wa 'Yupo'."

"Na bado upo?"

"Nipo, mwalimu. Nimegundua nyota. Nadhani imelipuka."

"Ina mkia?"

"Ina mkia."

"Basi haijalipuka. Nyota ikilipuka haina mkia. Inang'aa pale pale ilipo, hata majuma, halafu inafifia. Hiyo ni kometi. Ni donge la barafu na vumbi, linakaribia jua, joto la jua linalifukiza, ndio huo mkia."

"Na mimi ndiye wa kwanza kuiona?"

"Iligunduliwa zamani na watu wenye darubini kubwa kuliko nyumba yako. Wewe ulikuwa umelala."

Kwa hiyo nilifika kijiweni kwenye kahawa nikiwa nimefiwa na umaarufu, na mtu wa namna yangu akifiwa anafanya mzaha. Vijana wa pikipiki walikuwa wanabishana juu ya ile nyota. Bibi naye alikuwa anapita na beseni la vitumbua. Nikasema kwa sauti ili anisikie:

"Msihangaike. Ile ni ya mtani wangu huyu. Kaituma iingie kwenye mikorosho inichunge. Hamwoni imekaa juu ya paa lake?"

"Ningekuwa na nyota," bibi akajibu bila kusimama, "ningeituma ikakuogeshe."

Watu wakacheka, mimi nikachukua kitumbua, mambo yakaisha. Kwangu yaliisha.

Siku chache baadaye kabureta ya mashine ikafa, nikapanda Newala kutafuta nyingine. Nililala kwa ndugu yangu. Mazoea ya kazi hayana likizo, alfajiri macho yakafunguka yenyewe, nikatoka nje. Newala kuna baridi, nilikuwa na koti la marehemu. Nikasogea ukingoni, pale nchi inapoishia na bonde linaanza, nikatafuta ile nyota. Nilitegemea kuiona mbele yangu, bondeni upande wa Lupaso, juu ya paa la mtani. Haikuwa mbele. Ilikuwa nyuma yangu, mashariki kule kule, mbali vile vile.

Mama mmoja mwenye ndoo tupu alikuwa amesimama karibu, naye anaiangalia.

"Na wewe unaiangalia ya yule bibi?" akaniuliza.

"Bibi gani, mama?"

"Huko bondeni, Lupaso. Kuna bibi ana nyota. Anaituma inaingia kwenye mikorosho ya watu, maua yanakauka. Mkwe wangu kaambiwa na mtu wa pikipiki."

Nilihisi kama nimemeza salfa. Maneno yalikuwa yangu. Nyota, kutuma, mikorosho, yote yangu. Kilichopotea njiani ni mimi, mtani, na beseni la vitumbua, na kicheko.

"Maua yamekauka?" nikauliza.

"Bado. Lakini si yatakauka."

"Na hapa, mama, imekaa kwa nani?"

Akaiangalia vizuri. "Hapa? Hapa iko Tandahimba huko, mashariki. Kwani vipi?"

Nilirudi Lupaso siku ile ile, na kabureta mfukoni kama jiwe.

Nikamkuta Baba Mapacha shambani kwake, ameshika kishada cha maua. Kilikuwa na ule unga wa kijivu, na ncha zimeanza kuwa nyeusi. Baba Mapacha si mtu wa kelele. Ni mtu wa kuuliza mara moja.

"Fundi, ulipulizia?"

"Nilipulizia."

Neno lenyewe ni la kweli, mashine iliwaka na unga ulitoka. Nimesema uongo mwingi maishani, wa kuchekesha na wa kukwepa madeni ya chai, lakini hakuna uliowahi kufanya kazi kubwa kama ukweli ule.

"Yote?"

"Yote."

Akakitazama kishada, akatazama mashariki, mwisho wa mistari, kwenye lile paa dogo la bati. "Basi si salfa," akasema. Akaondoka.

Nilikuwa na nafasi ya kumwita. Nilihesabu hatua zake: ilipofika ya ishirini nikajiambia atasikia nikisema kwa sauti kubwa, ilipofika ya arobaini nikajiambia kesho.

Kesho nyota haikutokea. Keshokutwa nayo haikutokea. Mtu mwenye akili angesema imekwenda zake. Kijiweni walisema bibi ameificha baada ya kumaliza kazi. Vitumbua vyake vikaanza kurudi nyumbani vyote. Usiku mawe yakapiga bati lake, moja, halafu kimya, halafu jingine. Maua ya Baba Mapacha yakaendelea kukauka, mstari kwa mstari, na mashamba ya jirani hayana ubwiri. Hilo ndilo lililowatisha watu. Kwa nini yeye tu, anayepakana na bibi? Mimi peke yangu nilikuwa na jibu.

Mwenyekiti wa kitongoji akatangaza kikao Ijumaa jioni, uwanjani kwa Baba Mapacha. Kila mtu alijua kikao cha nini. Bibi ahame.

Alhamisi mchana nikaenda kwake. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anafunga sufuria ndani ya khanga, na mkeka tayari umesimamishwa ukutani, umekazwa kwa kamba ya katani.

"Shikamoo mtani."

"Marahaba. Leo vitumbua hakuna, kaibe kwingine."

"Unakwenda wapi?"

"Chilangala. Mtoto wa kaka yangu yuko huko. Miaka arobaini sijalala Chilangala, nitapotea njia ya chooni." Alivuta fundo kwa meno. "Bora niende kwa miguu yangu kuliko kungoja wanisindikize."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimeandaa maneno, yote yakakimbia. Nikasema tu, "Mtani, zile asubuhi mbili sikupulizia vizuri. Nilikuwa naiangalia nyota."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilisikia mashine yako ikizimika. Nikabandika uji, nikaukoroga, ukaiva, nikanywa, nikaosha kikombe, ndiyo ikawaka tena. Jua liko hapa." Akaonyesha kwa mkono usawa wa dirisha. "Nikasema, mtani wangu leo anapulizia vumbi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nikamwambie nani?" Hapo ndipo aliponiangalia kwa mara ya kwanza. "Mimi nikisema fundi alilala, watasema bibi sasa anamtafuna na fundi. Ilikuwa ni ya kusema wewe. Nilikuwa nakungoja. Nimefunga mzigo huu polepole, fundo moja asubuhi, fundo moja jioni, ili nikupe nafasi."

Nilitoka pale nikampigia mwalimu. Nikamwambia yote, na safari hii hakuniuliza kama bado nipo.

"Kometi haijafichwa," akasema. "Imepita upande wa jua, ndiyo maana haionekani. Ikitoka itakuwa magharibi, jioni, jua likishazama. Inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa keshokutwa."

"Una hakika, mwalimu?"

"Hapana. Nyingine zikikaribia jua zinavunjika vipande, basi. Usiende kuwaapia watu."

Ijumaa saa kumi na moja uwanja wa Baba Mapacha ulikuwa umejaa. Bibi alikaa kwenye kigoda peke yake, mzigo wake miguuni, na kati yake na watu palikuwa na nafasi ya kulaza ng'ombe. Mwenyekiti alipouliza nani ana neno, nikasimama.

"Maua yamekaushwa na mimi," nikasema.

Watu wakacheka.

Nimefanya kazi ya kuchekesha watu tangu darasa la tatu, na sijawahi kuchukia kicheko kama siku ile. Mzee mmoja akasema, "Mtani anamtetea mtani wake, ni haki yake, mwacheni." Mwingine akaniambia nikae, hapa si msibani. Nilijaribu tena, kila neno nililoongeza wakacheka zaidi. Nilieleza umande, wakacheka. Nilieleza kisiki, wakashikana mabega. Nilikuwa nimewazoesha hivyo mwenyewe.

Baba Mapacha peke yake hakucheka. "Ulisema ulipulizia yote," akasema, na uwanja ukatulia.

"Nilikudanganya, Baba Mapacha. Twende shambani. Hesabu mistari kutoka hapa kwako. Saba ya kwanza nilipulizia siku yenye wingu, siku isiyo na nyota. Kama bibi ndiye aliyekausha, maua yaliyo karibu na bibi na yaliyo mbali yatakauka hovyo hovyo. Kama ni mimi, utaona mahali nilipokaa."

Tukaenda, kundi zima, jua limeshalala juu ya miti. Baba Mapacha alihesabu kwa kugusa mashina. Moja, mbili, tatu. Maua mazima, mekundu-mekundu, nyuki bado wako kazini. Nne, tano. Mimi jasho linanitoka mgongoni pale mashine inapokaaga. Kama ubwiri ungekuwa umeruka mpaka huku siku zile nilizokaa kimya, nilikuwa sina kitu kingine mkononi. Sita. Saba. Akapita, akashika tawi la mstari wa nane, likamwaga maua mkononi mwake kama majivu ya sigara. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Mstari wote. Na wa tisa wote. Na mbele yetu mpaka kwa bibi. Mpaka wenyewe ulikuwa umenyooka kama umepigwa kamba, na kisiki changu kipo pale pale, na kipisi cha muhogo nilichokuwa nakula siku ile.

Hakuna aliyecheka.

Baba Mapacha akakung'uta viganja. Halafu akasema, "Uvivu wako tumeuona. Na nyota? Imekwenda wapi?"

"Mwalimu anasema imezunguka jua. Itatokea magharibi, jioni."

"Lini?"

Nilikumbuka, usiwaapie watu. "Sijui. Labda leo. Labda imevunjika."

"Basi tungoje," akasema mwenyekiti.

Tukangoja, tumesimama kati ya mistari, nyuso zimegeukia magharibi kama tunasubiri gari. Jua likazama. Ile nyota kubwa ya kila jioni ikawaka, mmoja akasema hii hapa, wakamwambia hiyo ni ya siku zote. Wekundu ukapungua. Watoto wakaanza kuitwa nyumbani. Nyuma yangu nilisikia mtu akimnong'oneza mwenzake kwamba fundi na bibi lao moja. Bibi alikuwa amekuja na mzigo wake kichwani, hakuutua. Nilimwona anapima njia ya kutokea.

Kisha Mama Mapacha akasema taratibu, "Si ile."

Ilikuwa imefifia kuliko alfajiri, lakini mkia haudanganyi. Kichwa chini, mkia juu, imetulia angani magharibi. Na chini yake, sawasawa kabisa, palikuwa na paa la nyumba ya Baba Mapacha.

Kila mtu aliona ilipokaa. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Baba Mapacha alisimama anaitazama nyumba yake, mikono imening'inia, na kwa mara ya kwanza nikaona anaogopa. Kichwani mwangu maneno yakaja yenyewe, yamepangwa, matamu, mzaha ambao ungeangusha uwanja mzima. Yalifika mpaka kwenye meno. Nikafunga mdomo. Sijawahi kubeba mashine nzito kama mzaha ule.

"Newala niliiona iko Tandahimba," nikasema tu. "Haiko kwa mtu."

Mwenyekiti akakohoa, akasema giza limeingia, kikao kimefungwa. Watu wakatawanyika bila kuagana vizuri. Baba Mapacha akamsogelea bibi. Hakuomba radhi, si mtu wa maneno hayo mbele za watu. Alinyoosha mikono akautua ule mzigo kichwani kwake, akaubeba mwenyewe mpaka mlangoni pa bibi, mistari kumi na mitatu ya maua yaliyokauka, na mimi nikiwafuata nyuma.

Msimu uliofuata nilimpulizia Baba Mapacha bure, mizunguko yote, naye alisimama mwisho wa kila mstari kunichunga. Wako watu ambao mpaka leo hawanunui kitumbua kwa bibi. Mkeka ulibaki umefungwa ukutani hadi korosho zilipoanza kudondoka. Sufuria ilitoka kwenye khanga mapema zaidi, maana lazima mtu ale.

Siku nilipoona mkeka umetandikwa nilikuwa nimevaa lile koti. Bibi akanitazama juu mpaka chini.

"Vua."

"Mtani, hili nilipewa msibani."

"Vua, la mume wangu hilo."

Nikavua. Nilirudi nyumbani na shati tu, na sikulidai tena.